Nyota ya Fedha na Mguu Mkavu

"Wanasema yule bibi wa Tiwi amezikwa na mguu mmoja mkavu."

Bi Chiku aliyasikia maneno hayo kisimani, pale Msambweni, asubuhi, kamba ikiwa mkononi na ndoo imeshaanza kushuka.

"Mkavu vipi?" aliuliza mwenzao mmoja.

"Mkavu, haukupata maji. Aliyemuosha alifika gotini akafunga kazi."

"Na si wasema aliyemuosha alikuwa mwenye nyota?"

"Ndiyo hapo sasa. Nyota kifuani yang'aa kama sinia ya arusi. Siku hizi nyota zaota vichakani, mwenzangu. Mtu apita tu, achuma."

Walicheka kidogo, kisha wakajizuia, maana aliyetajwa alikuwa maiti wa jana.

"Bi Chiku, mbona waiachia kamba? Ndoo yako hiyo yazama."

"Imeniteleza," akasema Bi Chiku.

Alirudi nyumbani bila maji na bila ndoo. Njia nzima lile neno lilimfuata kisogoni. Alijaribu kuliwaza la mihogo, la kuku aliyeatamia, la paa linalovuja. Halikutoka. Mguu mmoja mkavu.

Wewe unayetukuta njiani, mambo yalianza hivi. Kuna chama cha akina mama wa pwani hii ya kusini, tangu Likoni hadi Vanga, kiitwacho Chama cha Nyota. Wanacheza lelemama arusini, na wanazikana misibani. Marehemu Tabu, dada yake Bi Chiku, alikuwa mmoja wao. Tabu alipofariki, nyota yake ya fedha ilitakiwa irudi chamani. Bi Chiku akasema haionekani. Kumbe ilikuwa ndani ya kijaluba, chini ya leso zake. Mwaka huu binti yake Mwanasha akaposwa na Salimu wa Tiwi, na wanawake wa ukoo ule wote ni wa Nyota. Bi Chiku akaona mwanawe asije akaonekana mtoto wa hivi hivi. Akaitoa ile nyota, akambandika kifuani, akamtuma Tiwi akamwamkie shangazi yake, ili wakwe wamwone akipita.

Siku hiyohiyo bibi yake Salimu, Bi Mwanahamisi, akafa. Wasia wake ulikuwa asioshwe ila na mwenye nyota. Wenye nyota wa Tiwi wote walikuwa wamekwenda Vanga kwenye arusi. Mwanasha akapita mlangoni, nyota kifuani. Wakamshika mkono, wakamwingiza chumbani kwa maiti, mlango ukafungwa.

Hapo ndipo tulipokuwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Bi Chiku hakulijua, na laiti angalilijua. Yeye alidhani nyota ile ni pambo la ngoma. Alijua anayetaka kuingia hulisha chama kwanza, wakala wakashiba, basi. Hakujua kwamba baada ya kulisha, mtu hufungwa kitambaa cheupe shingoni, na kitambaa hicho humwita katika kila msiba. Huteka maji. Huchimba ufuo, ule mfereji wa chini ya kitanda unaopokea maji ya maiti. Hushika taa, hutazama, hufundishwa niya na udhu wa maiti, na mkono wa kulia kabla ya wa kushoto. Siku atakapoosha mwenyewe mbele ya wakubwa wasimsahihishe, ndipo anapovishwa nyota.

Yaani nyota ile haikuwa inasema, "Nitazameni." Ilikuwa inasema, "Nikabidhini maiti wenu."

Bi Chiku alimkuta Mwanasha uani, akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Mwanasha."

"Labeka, mama."

"Jana uliniambia mambo yalikwenda salama."

Msichana aliendelea kuchambua.

"Nakuuliza, mwanangu. Ule mguu ulikuwa na nini?"

Ungo ukasimama. "Ulikuwa na donda. Limefungwa kitambaa. Mama, lilikuwa linanuka."

"Ukalifungua?"

"Sikulifungua."

"Maji yakapita juu yake?"

"Kulikuwa na mama mmoja akimimina, Bi Kadzo, jirani yao. Alipofika gotini nikamwambia basi, hapo panatosha. Akaniangalia. Akaiangalia nyota. Akaweka kata chini."

"Na udhu? Na niya?"

"Nilimuosha kama nimuoshavyo mdogo wangu, mama. Kuanzia kichwani. Sijui kingine."

Bi Chiku akakaa kwenye mchanga, bila mkeka. "Kwa nini hukusema hujui? Mimi nilikuambia uivae. Sikukuambia uingie."

"Ningesema nini?" Mwanasha hakupandisha sauti, na ingalikuwa afadhali kama angepandisha. "Wamenishika mkono, wanalia, wananiita binti wa Nyota. Niwaambie nini, mama? Niwaambie hii si yangu, mama yangu amenivisha uongo?"

Mama mtu alijikung'uta mchanga. Aliinuka, akajitanda leso, akatoka.

Mwalimu Sefu alikuwa barazani pa chuo chake cha Kurani, watoto wakisoma kwa sauti ndani. Bi Chiku alisimama pembeni kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bi Chiku. Kheri?"

"Kheri, Mwalimu. Nimetumwa suala. Kuna mtu mmoja..."

"Huyo mtu mmoja huja hapa kila wiki," akasema Mwalimu. "Kila wiki ana sura nyingine. Haya, ana nini leo?"

"Auliza, kama maiti ameoshwa na asiyejua, kuosha kwake kwafaa?"

"Kama maji yamefika mwili mzima, Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema. Mwambie atulie."

Bi Chiku alipumua. Pumzi ile angeimaliza akaenda zake, hadithi yetu ingeishia hapo. Lakini Mwalimu alikuwa bado anamtazama.

"Yalifika mwili mzima?"

"Auliza, kama kuna mahali hayakufika."

"Mahali kama wapi?"

"Kama mguu, Mwalimu. Tangu gotini."

Mwalimu Sefu aligonga dirisha, watoto wakanyamaza. "Nendeni mkacheze," akawaambia. Walipokwisha kutoka, akasema polepole, "Basi huyo hajaoshwa. Aliyemuosha alifanya nusu ya kazi. Na maadamu amezikwa jana, maana neno hilo nami nimelisikia, na bado hajabadilika, haki yake ni kufukuliwa, aoshwe, azikwe tena. Akichelewa akabadilika, itakuwa haiwezekani tena, na dhima itabaki kwa aliyejua akanyamaza. Mwambie huyo mtu mmoja kwamba udongo haumngoji."

"Na kama akisema, ndoa ya mwanawe itavunjika?"

"Umeniuliza suala la maiti," akasema Mwalimu. "La ndoa hukuniuliza."

Bi Chiku alirudi akiwa ameshaazimia. Atamwambia mumewe Boga kwanza, kisha wapande basi la Tiwi pamoja. Alikuwa akiyapanga maneno mdomoni, la kwanza na la pili, alipoliona lori la mbata, nazi kavu, limesimama mlangoni kwake.

Ndani ya nyumba alikuwamo Bwana Chirau. Mwana wa marehemu. Babake Salimu.

"Karibu, Bi Chiku, karibu kwako," akasema Boga, uso umemchanua. "Mkwe ametutembelea, hata kanzu ya matanga hajaivua."

"Shikamoo, Bwana Chirau. Poleni kwa msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Sote ni njia hiyo." Chirau alikuwa mtu mkubwa, mwenye kupenda kusema waziwazi. "Nimekuja kuwachukua. Akina mama wa Nyota wamerudi toka Vanga jana jioni, wanamtaka mtoto aliyewafanyia kazi yao. Na mimi nina langu."

"Liseme mwenyewe, mkwe," Boga akamhimiza.

"Mama yangu hakujaliwa binti. Nimezaliwa mimi peke yangu. Mwanasha ameingia chumba kile akawa binti. Basi matanga yakiondoka, sitaki posa izidi kukaa kama maji mtungini. Tufunge ndoa."

"Alhamdulillahi," akasema Boga.

 Lile aliloliomba Bi Chiku miezi yote limeletwa hadi mlangoni, na lori juu.

"Jambo jingine," akaendelea Chirau. "Kuna neno linatembea. Huenda limewafikia. Msilisikilize. Limetoka kwa Kadzo, mwanamke wa Mkongani, jirani yetu. Mwanamke yule amemuuguza mama tangu alipoanza kuugua, kila asubuhi yeye ndiye aliyemfunga lile donda. Kisha maiti hajapoa, ati hakuoshwa mguu. Nimemwinua kwenye mkeka wa matanga mbele ya watu wote, nikamtoa. Nimemwambia asikanyage kwangu, si leo, si kesho. Alilia. Nilimwacha alie."

Boga alitikisa kichwa. "Watu wana roho ngumu."

Jamani, mnalijua lile jasho linalotoka mtu akiwa kivulini? Ndilo lililomtoka Bi Chiku. Kunyamaza kwake hakukuwa tena kunyamaza. Kulikuwa kumekwisha kumtoa mtu mkekani.

"Bwana Chirau," akasema. "Kadzo hakusema uongo."

"Chiku," akasema Boga.

"Maji yaliishia gotini. Mwanangu ndiye aliyemwambia Kadzo aache. Hajui kuosha maiti. Hajafundishwa. Si mwenye nyota."

"Nyota nimeiona kwa macho yangu," akasema Chirau.

"Ni ya marehemu dada yangu. Ilitakiwa irudi chamani."

"Si uliniambia Tabu amekuachia?" Boga alisimama. "Si ndivyo ulivyoniambia, mke wangu? Amekuachia?"

"Hakuniachia."

"Nani aliyemvisha mtoto?" akauliza Chirau.

"Mimi."

Bi Chiku alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi, ingawa Bwana Chirau si mtu wa hivyo. Hakujiandaa kwa lile lililotokea. Chirau alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimemdondokea humo.

"Nimemtoa mkekani mbele ya watu," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akilifunga lile donda. Angekosaje kujua kama kitambaa kimelowa?"

"Mwalimu Sefu asema haki yake ni kufukuliwa, aoshwe, azikwe tena," akasema Bi Chiku.

"Mtoto yuko wapi?"

Mwanasha alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka, macho chini, mkono umefumbata. Alipiga goti, akaufumbua. Nyota ilikuwa imemwachia alama kiganjani, kwa jinsi alivyoibana.

"Shikamoo, baba. Chukua."

"Si yangu," akasema Chirau. "Ina wenyewe. Na wenyewe wamekaa kwangu, wanakungoja wakushukuru. Utaipeleka wewe na mamako. Mimi ruhusa ya kufukua kwa mudiri wa serikali nitaitafuta, na majembe nitayatafuta. Boga, ukitaka kuja, panda. Usipotaka, kaa."

Boga alipanda. Lakini alipanda nyuma, juu ya magunia, asikae karibu na mkewe. Walipompitia Mwalimu Sefu chuoni kwake, Mwalimu hakuuliza suala hata moja. Alichukua fimbo yake tu.

Mlango wa chumba cha wanawake kule Tiwi ulikuwa wazi. Akina mama wa Nyota walikuwa wamekaa mkekani, leso za kaniki kichwani, kila mmoja na nyota yake. Walipomwona Mwanasha walianza kusogea wampe nafasi.

"Huyu ndiye?" akasema Bi Mejumaa, mkubwa wao. Ni mwanamke mwembamba, sauti yake ndogo, na watu hunyamaza ili waisikie. "Njoo, mwanangu. Njoo ukae huku juu. Nani aliyekufundisha? Mbona hatukujui?"

Bi Chiku alitangulia. Aliiweka nyota kwenye mkeka, mbele ya magoti ya Bi Mejumaa, akarudi nyuma.

Bi Mejumaa hakuigusa. Aliinama tu. Nyota za chama kile zina ncha, na ya Tabu ilikuwa na ncha moja iliyopinda.

"Hii naijua," akasema. "Niliitafuta nyumba nzima siku ya matanga ya Tabu. Nilikuuliza wewe, Chiku. Ulinijibu labda panya wameiburuta." Akainua uso. "Panya wameirudisha?"

Mmoja alicheka pembeni, kicheko kikavu, akakikata.

Bi Chiku akayasema yote. Aliyasema amesimama kwa miguu yake, mbele ya wanawake ambao alitaka sana mwanawe aonekane kama wao. Aliposema gotini, kuna aliyejifunika uso. Alipomtaja Kadzo, wakatazamana. Walikuwapo alipotolewa. Hakuna aliyemtetea.

"Sasa mwataka nini kwetu?" akauliza Bi Mejumaa.

"Twaomba mtu wa kumuosha, mama. Wanaume wameshakwenda makaburini na Mwalimu. Ruhusa imepatikana."

"Mtu alikuwapo. Mlimwingiza nyinyi."

"Mama, marehemu ni mwenzenu. Makosa ni yangu, si yake."

"Wanifundisha wewe nani ni mwenzetu?"

Bi Chiku akapiga magoti. "Adhabu yoyote mtakayonipa nitaipokea. Mkitaka nisikanyage arusi wala msiba wenu mpaka nife, sawa. Lakini osheni."

"Watu wa mji huu walimpa mtoto huyu maiti wetu kwa sababu ya kile alichovaa," akasema Bi Mejumaa. "Kesho mwingine atamwona mmoja wetu hapa, mwenye haki yake, ataitazama nyota yake na kujiuliza kama ameiba. Hilo umelifanya wewe, Chiku. Hilo hatuwezi kulifukua tukaliosha."

 Wenzake wakamtazama yeye, na kwa kuwa yeye hakuinuka, hakuinuka mtu.

Mwanasha alikuwa bado amesimama mlangoni. Alikwenda pembeni ambako ndoo zilikuwa zimepangwa, akachukua moja na kata yake. 

"Mimi nitalifungua donda," akasema. "Sasa hivi siogopi. Ila sijui kinachotangulia. Naomba mmoja asimame karibu anielekeze. Asiguse kitu. Anielekeze kwa mdomo tu."

 Bi Mejumaa alikuwa akiitazama ile nyota mkekani.

Nje zikasikika hatua za wanaume wengi zikija polepole, kwa pamoja, kama wanavyotembea watu waliobeba. Sauti ya Chirau ikasema, "Fungueni njia. Tumemleta."

Na ndani, mama zangu, hakuna aliyekuwa ameinuka.

Nawaandikia wenye mabinti, na wenye dada waliokufa na vitu vyao. Haya tusiyafanye:

Usivae nishani, nyota, pete wala kitambaa cha chama ambacho hukukitumikia. Hata kwa siku moja, hata kwa kupiga picha.

Usimvishe mwanao. Wewe utabaki nyumbani, yeye ndiye atakayeshikwa mkono.

Chombo cha marehemu kilicho na wenyewe usikifiche. Kirudishe kabla matanga hayajaondoka, na ukirudishe mbele ya mashahidi.

Usidhani ni pambo kwa sababu linang'aa. Uliza aliyevaa hukabidhiwa kazi gani.

Ukikuta umeitwa kwa makosa, sema hapohapo mlangoni, "Mimi siye." Aibu ya mlangoni ni ndogo.

Usiende kwa mwalimu na "mtu mmoja". Nenda na jina lako.

Usinyamaze mpaka mwingine atolewe mkekani kwa ukweli wake.

Na mtoto akikuuliza, "Mama, hii ni ya nani?", usimjibu, "Vaa tu."